Jinsi ya Kuisoma Tamthilia ya Julius Caesar katika Somo la Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Sekondari

Mwanafunzi wa sekondari anayekabidhiwa tamthilia ya Shakespeare kwa mara ya kwanza hukutana na ugumu wa aina mbili. Wa kwanza ni Kiingereza chenye umri wa zaidi ya miaka mia nne. Wa pili ni mazoea ya kutafuta majibu kabla ya kusoma, na huu ndio mkubwa zaidi, kwa kuwa maduka ya vitabu yamejaa miongozo yenye muhtasari, orodha ya wahusika na orodha ya dhamira, na anayeikariri huingia katika chumba cha mtihani akiwa na maoni ya mtu mwingine ambayo hawezi kuyathibitisha kwa mstari hata mmoja. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya msimamo mmoja: kazi ya fasihi husomwa kwa kurudiwa, kila mara kwa swali jipya, na kila dai la msomaji sharti liwe na maneno yanayolibeba ndani ya kitabu chenyewe.

Nimeichagua Julius Caesar iwe mfano kwa sababu ni fupi kuliko tanzia nyingi za mwandishi huyo, kisa chake kinafuatika kwa urahisi (Brutus, Cassius na wenzao wanakula njama na kumuua Caesar, mtawala wa Roma, kisha Antony, rafiki yake, anaugeuza umati dhidi yao), na hoja zake za kisiasa haziko mbali na maisha ya msomaji wetu. Zaidi ya hayo, msomaji wa Kiswahili ana tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyochapishwa kwanza mwaka 1963 na kutolewa tena mwaka 1969, baada ya marekebisho, kwa jina la Juliasi Kaizari. Anayesoma tamthilia au riwaya nyingine anaweza kuzifuata hatua hizi hizi na kubadilisha mifano tu.

Maandalizi

Tafuta toleo lenye namba za mistari na maelezo ya maneno magumu, ikiwezekana toleo lile lile linalotumiwa na darasa zima, ili mwalimu anapotaja tendo la tatu, onyesho la pili, mstari fulani, nyote mfungue mahali pamoja. Matoleo yanayoweka Kiingereza cha kale upande mmoja na cha kisasa upande wa pili yanafaa, lakini yana hatari yake: jicho huzoea upande mwepesi, na baada ya kurasa kumi mwanafunzi anakuwa hasomi Shakespeare tena.

Andaa daftari moja kwa ajili ya kitabu hiki peke yake. Gawa kila ukurasa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto utaandika namba ya tendo, onyesho na mstari pamoja na maneno machache yaliyonukuliwa, na upande wa kulia utaandika swali au maoni yako. Usiandike maoni upande wa kulia kabla ya kuandika kitu upande wa kushoto. Kanuni hii ndogo itakuokoa miezi michache baadaye, utakapotafuta ushahidi wa insha.

Tamthilia ina matendo matano. Ukiwa na majuma sita, tenga la kwanza kwa usomaji wa haraka wa kitabu kizima, manne yanayofuata kwa usomaji wa polepole, na la mwisho kwa uandishi. Ukiwa na muda mfupi zaidi, punguza majuma ya katikati, ila usiuache ule usomaji wa kwanza wa haraka.

Usomaji wa kwanza: kifuate kisa

Katika usomaji wa kwanza lengo ni moja, nalo ni kujua nani anataka nini, kwa nani, na nini kinamzuia. Usisimame kwenye kila neno usilolijua. Soma onyesho zima, kisha funga kitabu na uandike sentensi mbili au tatu kwa maneno yako mwenyewe. Ukishindwa, rudia onyesho hilo kabla ya kuendelea. Kwa mfano, onyesho la kwanza kabisa linaweza kuandikwa hivi: maafisa wawili, Flavius na Marullus, wanawakemea mafundi walioacha kazi ili kuushangilia ushindi wa Caesar, na kuwakumbusha kuwa si zamani walikuwa wakimshangilia Pompey, hasimu wa Caesar. Sentensi hiyo moja tayari imekuonyesha umati unaogeuka, na umati huo ndio utakaoamua kila kitu katika tendo la tatu.

Hapa ndipo tafsiri ya Nyerere inapofaa zaidi. Soma onyesho kwa Kiswahili kwanza, upate mwendo wa kisa na sauti za wahusika, kisha ulisome lile lile kwa Kiingereza siku hiyo hiyo. Utaratibu huo ufuate kwa matendo mawili ya mwanzo. Kuanzia tendo la tatu, badilisha mpangilio: anza na Kiingereza, ukiandika pembeni mahali usipoelewa, ndipo ufungue Kiswahili uhakikishe. Kumbuka kuwa mtihani ni wa Kiingereza na uchambuzi wa mtindo utahusu maneno ya Shakespeare, kwa hiyo tafsiri ni ya kukuingiza ndani ya kitabu, wala haichukui nafasi yake.

Soma kwa sauti, hata ukiwa peke yako. Kazi hii iliandikwa ili isikiwe na watu waliosimama uwanjani, na sentensi nyingi zinazoonekana ngumu kwenye karatasi huwa wazi zinapotamkwa.

Lugha: mahali ambapo wengi hukata tamaa mapema

Ugumu wa lugha una vyanzo vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Cha kwanza ni maneno yaliyotoweka, kama vile “hath”, “doth” na “thou”. Haya ni machache na hujirudia. Andika orodha ya maneno ishirini hivi, uiweke ndani ya jalada, na baada ya tendo la kwanza hutaihitaji tena.

Cha pili ni mpangilio wa sentensi uliogeuzwa, kitenzi kikitangulia mtenda au yambwa ikitangulia vyote. Ukikwama, tafuta kitenzi kwanza, uliza nani anatenda, kisha uiandike upya sentensi kwa mpangilio wa kawaida katika daftari lako.

Cha tatu ni cha hatari zaidi kwa sababu hakionekani: maneno ambayo bado yanatumika leo lakini yamebadilika maana. Brutus anapouambia umati “Censure me in your wisdom”, hawaombi wamlaumu, bali anawaomba wampime na kumhukumu. Caesar anapomwambia Metellus Cimber asiwe “fond”, anamwonya asiwe mpumbavu. Brutus anapouliza kwa nini Caesar anaonekana “sad” siku ya sherehe, neno hilo linabeba uzito wa uso zaidi kuliko huzuni. Mwanafunzi anayedhani amelielewa neno hafungui maelezo ya chini ya ukurasa. Kwa hiyo sentensi yenye maneno unayoyajua yote ikitoa maana isiyofaa mahali pale, shuku neno la kawaida kuliko yote.

Jambo jingine la kuliangalia mapema ni tofauti ya ushairi na nathari. Sehemu kubwa ya tamthilia imeandikwa kwa mistari isiyo na vina, kila mstari ukiwa na silabi kumi hivi zinazopokezana mkazo, dhaifu kisha nzito, mara tano. Sisi tuliolelewa na mizani ya mashairi ya Kiswahili tuna faida ya kuzoea kuhesabu silabi, ila tunapaswa kuongeza jambo ambalo mizani yetu hailihitaji, yaani mkazo. Gonga meza kwa kidole unaposoma, na utausikia. Kisha tazama wapi ushairi unaachwa. Fundi viatu wa onyesho la kwanza anasema kwa nathari. Casca, mmoja wa watakaomuua Caesar, anaposimulia jinsi Antony alivyompa Caesar taji mara tatu, naye anatumia nathari yenye dharau. Na Brutus, mtu wa tabaka la juu ambaye kwa kawaida husema kwa ushairi, anauhutubia umati kwa nathari. Weka alama mahali hapo, tutarudi.

Historia: chukua ile inayobadilisha usomaji

Walimu wengi huanza na maisha ya mwandishi, na darasa zima huandika tarehe ya kuzaliwa kwake kabla ya kusikia mstari mmoja. Naona ni afadhali historia ije baada ya usomaji wa kwanza, tena ichujwe. Mambo machache yanatosha.

Caesar wa kihistoria aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo, na vita vya Philippi vilipiganwa mwaka 42 kabla ya Kristo. Shakespeare alipata habari hizo kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyesimulia maisha ya watu mashuhuri, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Katika historia, maandamano ya ushindi wa Caesar na sikukuu ya Lupercal vilitengana kwa miezi kadhaa. Shakespeare ameviweka siku moja. Badala ya kuandika kwamba mwandishi amekosea, uliza amepata nini kwa kuvibana: hofu ya wala njama inaonekana kuwa ya haraka, na mtazamaji hapati nafasi ya kupumua.

Tamthilia iliandikwa karibu na mwaka 1599. Msafiri wa Kiswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba alitazama mchezo kuhusu Caesar jijini London mwezi Septemba mwaka huo. Wakati huo Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa katika miaka ya sitini, hakuwa na mtoto wala hakuwa amemtangaza mrithi. Hadhira ya Shakespeare ilijua hofu ya nchi ambayo kiongozi wake anaweza kuondoka bila mtu kujua kitakachofuata. Ukishajua hilo, utaona kwa nini matendo mawili ya mwisho, ambayo wanafunzi huyaona marefu na yasiyo na msisimko, yana uzito: ndiyo yanayoonyesha kile kinachofuata.

Usomaji wa pili: simama kwenye maonyesho machache

Usomaji wa pili haupaswi kugawa muda sawa kwa kila onyesho. Yapo maonyesho yanayobeba tamthilia, na ni heri kuyachimba hayo kuliko kupita juu juu kila mahali. Kwa maoni yangu ni haya: Brutus akiwa bustanini kwake katika tendo la pili, onyesho la kwanza, mauaji katika tendo la tatu, onyesho la kwanza, hotuba za mazishi katika onyesho linalofuata, na ugomvi wa Brutus na Cassius katika tendo la nne.

Anza na bustani. Brutus yuko peke yake usiku, na maneno yake ya kwanza katika uzungumzi nafsia huo ni “It must be by his death”. Sitisha usomaji hapo. Mtu anayepima jambo huanza na sababu na kumalizia na uamuzi. Brutus ameanza na uamuzi. Sasa pekua mistari inayofuata ukitafuta sababu. Utaona anakiri kuwa hana ugomvi binafsi na Caesar na kwamba hajawahi kuona hisia za Caesar zikiishinda akili yake. Kinachobaki ni hofu ya kile ambacho taji linaweza kumfanya awe, na hofu hiyo inajengwa kwa maneno ya uwezekano mpaka inafikia sitiari ya yai la nyoka, ambalo inafaa livunjwe kabla halijaanguliwa. Orodhesha kila neno linaloonyesha uwezekano. Ukimaliza utakuwa na ushahidi wa kutosha kuandika kwamba Brutus ni mtu mwaminifu anayejidanganya, na hilo ni dai zito kuliko lile la miongozo mingi kwamba Brutus ni mwaminifu tu.

Kisha nenda kwenye hotuba za mazishi na uzisome mara nyingi kadiri unavyoweza, maana sijui mahali pengine katika fasihi ya shule panapofundisha nguvu ya usemi kuliko hapa. Brutus anatangulia. Nathari yake imepangwa kwa vipande vinavyolingana, ina maswali ya balagha ambayo hakuna anayeweza kuyajibu bila kujidhalilisha, na inatoa shtaka moja, tamaa ya ukuu, bila kutoa tukio hata moja la kulithibitisha. Umati unashangilia. Mmoja wao anapaza sauti kwamba Brutus na awe Caesar. Mstari huo mfupi hupitwa na wasomaji wengi, nao unaangusha kila kitu: watu wanaoambiwa kuwa wamekombolewa kutoka kwa mfalme wanataka kumtawaza mkombozi wao. Brutus hausikii, au hauelewi, na anaondoka akiwaomba wabaki wamsikilize Antony.

Antony anatumia ushairi, na anafanya kazi yake kwa hatua. Chora hatua hizo kwenye daftari. Anaanza kwa kukubali masharti aliyopewa na kusema kuwa hakuja kumsifu Caesar. Anarudia kwamba Brutus ni “an honourable man”, na takriri hiyo inabadilika maana kila inaporudi kwa sababu kati ya kurudi kumoja na kwingine ameweka tukio: mateka walioletwa Roma ambao fidia zao zilijaza hazina ya umma, machozi ya Caesar kwa ajili ya maskini, taji lililokataliwa mara tatu. Brutus alitoa shtaka bila mfano. Antony anatoa mifano bila kutamka shtaka. Halafu ananyamaza, akisema moyo wake umo ndani ya jeneza pamoja na Caesar, na kimya hicho kinawapa watu nafasi ya kuanza kusemezana. Anaonyesha wosia na kukataa kuusoma. Anateremka jukwaani na kusimama kando ya maiti, analikamata joho na kuonyesha tundu moja moja, hili la Cassius, hili la Casca, hili la Brutus.

Rudi nyuma kidogo, kwenye onyesho lililotangulia. Trebonius, mmoja wa wala njama, alimtoa Antony nje kabla ya pigo la kwanza. Hakuwepo. Hawezi kujua tundu lipi ni la nani. Mwanafunzi anayeligundua hili kwa kufungua kurasa za nyuma amepata kitu ambacho hakuna muhtasari utakaompa kwa nguvu hiyo, naye anaweza kuandika kwa uhakika kuhusu uongo unaosemwa na mtu mwenye uchungu wa kweli. Usiishie hapo. Fuatilia wosia, ambao unampa kila raia drakma 75 na kuwaachia bustani za Caesar, hadi tendo la nne, onyesho la kwanza, ambapo Antony yule yule anapendekeza watazame namna ya kupunguza urithi huo. Kati ya sehemu hizo mbili kuna onyesho fupi sana ambalo umati unamrarua mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Maonyesho hayo mawili madogo mara nyingi hurukwa darasani ili kuokoa muda. Yasirukwe, kwa kuwa ndiyo yanayotoa hesabu ya hotuba.

Wahusika: fuatilia maamuzi yao

Orodha ya sifa za wahusika, kama “jasiri, mwaminifu, mwenye wivu”, haimsaidii mtu kuandika insha. Badala yake, andika kila uamuzi mkubwa wa mhusika, nani alimpinga, na matokeo yake. Kwa Brutus utapata mfululizo unaojieleza wenyewe: katika tendo la pili anakataa Antony auawe, katika la tatu anamruhusu ahutubie, katika la nne anasisitiza jeshi liende Philippi. Mara zote tatu Cassius anapinga, mara zote tatu Cassius yuko sahihi kimkakati, na mara zote tatu anakubali kushindwa. Hapo kuna maswali mawili ya insha: kwa nini Brutus hasikii, na kwa nini Cassius, mtu mwerevu aliyemrubuni kwa barua za kughushi, hawezi kumkatalia.

Kwa Caesar, tazama pengo kati ya jinsi anavyojitaja na jinsi mwili wake ulivyo. Anazungumza kama mtu asiyetikisika, anajifananisha na nyota ya kaskazini, lakini sikio lake moja ni kiziwi, ana kifafa, na ushauri wa mkewe unapinduliwa kwa sifa chache anazomwagiwa na Decius, mmoja wa wala njama.

Portia, mke wa Brutus, na Calpurnia, mke wa Caesar, wana mistari michache, na kwa sababu hiyo wanafunzi huwaandikia sentensi moja. Wasome pamoja. Kila mmoja anamwomba mumewe amsikilize usiku au asubuhi ya siku ile ile. Kila mmoja anaona hatari kabla ya mwanamume. Kila mmoja anashindwa kwa njia tofauti. Portia anajijeruhi pajani ili athibitishe kuwa anaweza kutunza siri, na inafaa kuuliza ni jamii gani inayomfanya mke adhani kuwa hiyo ndiyo njia ya kuaminiwa.

Kuigiza na kujadili darasani

Ikiwa mwalimu anaruhusu, onyesho la hotuba liigizwe na darasa zima. Wanafunzi wawili wawe Brutus na Antony, wengine wote wawe umati, na kila mwanafunzi wa umati aandike pembeni mwa kitabu chake mstari hasa uliombadilisha mawazo. Baada ya maigizo, linganisheni mistari hiyo. Mjadala unaotokana na zoezi hili ni wa aina ninayoipenda kuliko yote, kwa kuwa kila anayezungumza ana mstari mkononi. Mtu akidai kuwa Antony ni mnafiki, mwenzake na amuulize “Wapi?”, na jibu liwe namba ya mstari.

Darasa kubwa lenye vitabu vichache linaweza kufanya hivyo hivyo kwa vikundi, kila kikundi kikipewa kipande kimoja cha hotuba.

Kuchagua nukuu

Huwezi kukariri tamthilia nzima, wala huhitaji. Chagua nukuu fupi, za maneno matatu hadi kumi, na kwa kila nukuu andika nani anasema, kwa nani, wakati gani, na angalau matumizi mawili tofauti. Maneno ya bustanini kuhusu kifo, kwa mfano, yanafaa kwa swali la dhamiri, la uzungumzi nafsia na la siasa ya hofu.

Jihadhari na nukuu mashuhuri, kwa sababu umaarufu huziondoa mahali pake. Mistari ya Caesar kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao ndiyo Nelson Mandela aliyoitia sahihi tarehe 16 Desemba 1977, katika nakala ya kazi za Shakespeare iliyokuwa ya mfungwa mwenzake wa Robben Island, Sonny Venkatrathnam. Kwa wafungwa wale maneno hayo yalikuwa na ukweli wa kuishi nao. Ndani ya onyesho, hata hivyo, yanasemwa na mtu anayepuuza onyo, anayetaka aonekane hana hofu, na ambaye atakuwa amekufa kabla ya siku kwisha. Maana zote mbili ni halali, lakini insha inayoitumia nukuu hiyo kuthibitisha ushujaa wa Caesar bila kutaja hali anayoisemea itakuwa imeshika nusu tu ya jambo.

Kuandika insha

Tuchukue swali la aina hii: “Brutus anastahili lawama kuliko Cassius kwa kushindwa kwa njama. Jadili.” Pigia mstari maneno yanayobana swali. Hapa ni “lawama”, “kuliko” na “kushindwa”. Swali halikuulizi kama kumuua Caesar kulikuwa haki, na kurasa nyingi za wanafunzi hupotea kwa kujibu jambo hilo.

Kabla ya kuandika aya yoyote, andika dai lako kwa sentensi moja inayoweza kupingwa. Mfano: Brutus anaiangusha njama kwa maamuzi matatu yanayotokana na kutaka mauaji yaonekane safi, ilhali kosa la Cassius ni kumhitaji mtu wa namna hiyo. Dai hilo limeshakupangia insha. Aya tatu zitashughulikia maamuzi matatu, aya moja itamgeukia Cassius, na huna haja ya kusimulia kisa.

Ndani ya aya, anza na hoja, leta nukuu fupi iliyofungwa ndani ya sentensi yako, kisha ukae kwenye maneno yake. Tuseme unaandika juu ya kumwacha Antony hai. Unaeleza kuwa Brutus anaona kumuua kungeifanya kazi yao ionekane ya umwagaji damu kupita kiasi, unanukuu “sacrificers, but not butchers”, na hapo ndipo kazi halisi inapoanza: Brutus anabadilisha jina la tendo bila kubadilisha tendo, sadaka huhitaji mtu aamini kuwa ni sadaka, na imani hiyo ndiyo Antony atakayoivunja kwa kuonyesha mwili wenye majeraha. Sentensi mbili au tatu za namna hiyo juu ya maneno manne zina thamani kuliko nukuu ya mistari minane inayoachwa bila maelezo. Mwishoni rudisha aya kwenye neno “lawama”.

Weka pingamizi ndani ya insha. Yapo mambo yanayomtetea Brutus: barua alizozipata zilikuwa za kughushi, na bila heshima yake njama isingekuwa na uso mbele ya watu. Yataje kwa haki, kisha eleza kwa nini bado unashikilia dai lako, au linyooshe kidogo. Mtahini huona mara moja tofauti kati ya mwanafunzi aliyekutana na ugumu na yule aliyeukwepa.

Muda nao upangwe. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiingereza imekuwa na insha tatu, kila moja alama 20, kwa saa mbili na nusu, maana yake dakika 50 kwa kila insha. Tumia saba au nane kupanga, na tano za mwisho kusoma ulichoandika. Nchini Uingereza, bodi ya mitihani ya AQA inayo Julius Caesar katika orodha ya vitabu vya mtihani wake wa sekondari, GCSE. Huko mtahiniwa hupewa dondoo, huulizwa kuhusu dondoo na tamthilia nzima, na haruhusiwi kuingia na kitabu.

Maswali ya dondoo

Swali la dondoo hutaka mambo yale yale kwa kipimo kidogo. Eleza kwa ufupi kilichotokea kabla tu ya dondoo na kinachofuata, lakini usitumie nusu ya jibu huko. Soma dondoo mara mbili: mara ya kwanza kwa maana, mara ya pili ukitafuta mahali ambapo sauti inabadilika. Antony anapobaki peke yake na maiti katika tendo la tatu, mtu aliyekuwa akiwapa wauaji mkono dakika chache zilizopita anawaita wachinjaji, na neno hilo ndilo lile ambalo Brutus alisema hawatakuwa. Badiliko kama hilo ndilo moyo wa jibu, kisha mbinu za lugha zitajwe kwa sababu zinalijenga, zisiwe orodha ya tashbihi na sitiari iliyoning'inizwa pembeni.

Juma la mwisho

Usianze kitabu upya, na uiache miongozo ya dukani mpaka uwe umejaza daftari lako. Ukifika hapo unaweza kuifungua, ukiisoma kama msomaji anayebishana nayo, na kuandika pale inapodai jambo bila ushahidi. Andika insha mbili kwa saa, bila kitabu, umpe mwalimu au mwenzako azisahihishe kwa kuzingira kila dai lisilo na nukuu. Rudia kwa sauti uzungumzi wa bustanini, hotuba zote mbili, na ugomvi wa tendo la nne, ambapo Brutus anamlaumu Cassius kwa fedha chafu na papo hapo kulalamika kuwa hakugawiwa fedha hizo. Jioni ya mwisho pitia upande wa kushoto wa daftari peke yake, funika upande wa kulia kwa karatasi, na ujaribu kusema upya ni kwa nini kila mstari ulioko pale uliuandika.